Miezi saba siti ya nyuma, redio ya dereva na dini ya serikali

Nilivunjika kifundo cha mguu kwa ujinga tu, nilikuwa nashuka ngazi huku nasoma meseji, nikadhani nimefika chini kumbe bado ngazi moja. Daktari akanifunga plasta, akanipa magongo, akasema hakuna kuendesha gari na hakuna kukanyagia huo mguu mpaka atakaposema yeye. Sikuelewa pale pale maana ya hayo maneno. Maana yake ilikuwa kwamba kuanzia siku ile kwenda kazini, kurudi, kwenda mazoezi ya mguu, kila kitu changu kipo mikononi mwa madereva teksi, na ikawa hivyo miezi saba.

Sasa mtu anayepanda teksi mara moja moja hawezi kujua vituko vilivyopo. Ukipanda kila siku ndo unajua. Unaita gari kwenye simu, kale kagari kwenye ramani kanajizungusha palepale kama kuku aliyekatwa kichwa, unampigia dereva anakwambia nipo hapa hapa nje, unatoka na magongo yako mpaka nje, hakuna mtu, unapiga tena anakwambia dakika mbili boss, nyuma yake unasikia watu wanacheka na vyombo vinagongana, yaani huyu hata hajanyanyuka kwenye kiti. Alafu kuna yule anayekupigia kukuuliza unaenda wapi wakati pameandikwa, ukimwambia anakaa kimya kidogo, simu inakatika, safari imefutwa. Kuna anayeuliza unalipa cash au kwa simu, ukisema kwa simu ghafla mtandao unamsumbua. Kuna ambaye hataki kufuta yeye maana atapigwa faini, anakaa tu mtaa wa tatu anasubiri uchoke ufute wewe. Na wote hao nisiwaseme vibaya peke yao, nimekaa nao nikawasikiliza, kampuni inakata asilimia yake juu kwa juu, mwenye gari anataka hesabu yake jioni, mafuta hayo, mtu anayeendesha kwa hasara lazima ajifunze ujanja. Naelewa kabisa. Ila ukiwa umesimama juani kwa mguu mmoja hicho kuelewa kinapungua sana.

Na chenji. Jamani chenji. Sijawahi kukutana na watu wanaofanya biashara ya pesa taslimu asubuhi mpaka usiku na hawana chenji hata siku moja. Anaangalia kwenye droo, anajipapasa mfuko wa shati, anajipapasa wa suruali, anaangalia juu pale kwenye kioo cha jua, anakuangalia wewe kwa huruma kama vile mmefiwa wote wawili, sina chenji boss. Unashuka umeiacha.

Lakini kilichonifanya niandike sio chenji, ni redio.

Asubuhi moja, wiki ya pili hivi, nimepanda gari, mahubiri yamefunguliwa mpaka vioo vinatetemeka. Sisemi ni mahubiri ya dini gani na dini yangu pia sisemi, mtaona kwa nini. Nikamwambia kaka samahani naomba upunguze kidogo nina simu ya kazi. Akanijibu huku kanitazama kwenye kioo, "Haya ni maneno ya Mungu kaka, tuyapunguze?" Nikamwambia nimeomba kupunguza sauti, Mungu sijamgusa. Akacheka, akapunguza kidogo sana, kama nukta moja tu, alafu akaanza yeye sasa kuhubiri. Kwamba nchi zetu zimeharibika kwa sababu serikali imemtoa Mungu. Kwamba siku tukiweka viongozi wachamungu na sheria ikawa ya Mungu, rushwa itakwisha, wizi utakwisha, ajali zitakwisha. Hiyo ya ajali aliisema akiwa analipita lori kwenye kona, mkono mmoja uko kwenye usukani na mwingine unachezea simu.

Baada ya huyo nikaanza kuhesabu. Hotuba hiyo hiyo niliisikia kwa madereva wa pande zote mbili, neno kwa neno karibu, ukibadilisha jina la kitabu na jina la nyumba ya ibada utasema wamefundishwa darasa moja. Kila mmoja ana uhakika kwamba serikali ikikabidhiwa kwa dini basi itakuwa dini yake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuwaza kwamba inaweza ikaangukia kwa yule mwenzake aliyenipeleka jana.

Mmoja nilimuuliza kuhusu Zambia. Alikuwa anasema dawa ni kutangaza tu, nchi ikitangazwa kuwa ya Mungu roho chafu zinakimbia zenyewe. Nikamwambia Zambia walishatangaza, Rais Chiluba alipoingia madarakani mwishoni mwa 1991 alitangaza nchi kuwa ya Kikristo, na mwaka 1996 ikaingia kwenye utangulizi wa katiba yao, mpaka leo ipo. Na huyo huyo Chiluba mwaka 2007 mahakama ya London kwenye kesi ya madai ikasema yeye na wenzake walilihujumu taifa mamilioni ya dola, japo nyumbani kwenye kesi ya jinai mahakama ilimwachia huru 2009. Sasa nikamuuliza, lile tangazo lilizuia nini, maana kama kungekuwa hakuna tuhuma mahakama zote hizo zilikuwa zinasikiliza nini? Dereva akafikiri mpaka tukafika taa nyekundu. Akasema hakutangaza kwa moyo. Hapo nikanyamaza, maana ukishaambiwa moyo hauna pa kushika.

Kuna kijana mwingine yeye alikuwa upande wa pili kabisa, hereni sikioni, muziki laini, gari linanukia vizuri. Huyu akaniambia dini ndo imetuchelewesha, wazungu waliitoa dini serikalini zamani ndo maana wako mbali. Nikafurahi kupata mtu wa kubishana naye kwa amani, maana mguu nilikuwa nimeunyoosha siti nzima na foleni haisogei. Nikamwambia Uingereza mfalme ndiye mkuu wa Kanisa la England, na maaskofu 26 wa kanisa hilo wana viti kwenye bunge la juu, wanakaa humo na kupiga kura kwenye sheria za nchi. Akasema siyo kweli boss. Akachukua simu akatafuta, kwenye foleni lakini, akaona, akashtuka. Denmark nayo kanisa la Kilutheri liko kwenye katiba kabisa na mfalme lazima awe muumini wa hilo kanisa. Sweden walitenganisha kanisa na serikali mwaka 2000 tu, juzi hapo. Ufaransa ndo wanaosifika, wana sheria yao ya 1905 inayosema serikali haitambui wala hailipi dini yoyote, lakini hata wao kuna kipande cha mashariki, Alsace na Moselle, mapadri na wachungaji na marabi wanalipwa mshahara na serikali mpaka leo, kwa sababu sheria ilipopitishwa eneo hilo lilikuwa la Ujerumani, na liliporudi watu wake hawakutaka kubadilishiwa utaratibu. Uturuki wanasema serikali haina dini na wakati huo huo kuna idara ya serikali tangu 1924 inayoajiri maimamu na kuandaa hotuba za Ijumaa. Marekani katiba yao tangu 1791 inakataza bunge kuanzisha dini, na bunge hilo hilo vikao vinafunguliwa kwa sala na wana kasisi wao anayelipwa mshahara.

Kijana akaniuliza swali moja tu, "Sasa ni nani basi aliyetenganisha kabisa?"

Sikuwa na jibu. Nilimtajia Albania ile ya zamani, mwaka 1967 walifunga misikiti na makanisa yote wakasema hii ni nchi isiyoamini Mungu, lakini huko siko kutenganisha, huko ni kuzima redio ya gari alafu ukampokonya na abiria spika za masikio. Watu walikuwa wanafungwa kwa kusali tu. Akasema basi hiyo hapana, hiyo ni mbaya kuliko ya mahubiri. Tukakubaliana hapo na foleni ikaanza kutembea.

Lakini swali lake likanikaa kichwani. Hata hapa kwetu Afrika Mashariki ukiangalia vizuri mambo hayajanyooka hivyo. Katiba ya Tanzania ibara ya 3 inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini, ya Kenya ya 2010 ibara ya 8 inasema hakutakuwa na dini ya taifa, safi kabisa, alafu nyimbo za taifa za nchi zote mbili zinaanza kwa kumuita Mungu na hakuna aliyewahi kulalamika. Viongozi wanaapa wameshika kitabu. Kenya wana mahakama za Kadhi ndani ya katiba hiyo hiyo, ibara ya 170, na kura ya maoni ya Agosti 2010 makanisa mengi yalipiga kampeni ya hapana, hiyo ikiwa sababu mojawapo, lakini katiba ikapita. Dereva mmoja alikuwa anaogopa sana hizo mahakama, anaamini Kadhi anaweza kumuita mtu yeyote barabarani akamhukumu. Nikamwambia hapana, ni ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, na ni pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Yaani ni kama abiria watatu wa siti ya nyuma wakubaliane kusikiliza kitu chao kwa spika za masikio. Akasema mbona hatukuelezwa hivyo. Nikasema sijui, labda aliyekueleza alikuwa na haraka.

Basi mimi nikajitengenezea nadharia yangu. Dereva ni serikali, sisi ni abiria, hatukuchaguana, mmoja anaenda hospitali mwingine anaenda harusini. Kwa dereva nahitaji breki, mita inayosema ukweli na anifikishe. Mambo ya redio azime. Nadharia nzuri tu, niliipenda, niliieleza mpaka kwa mtu wa mazoezi ya mguu huku ananikunja nalia.

Ikaja ikaharibiwa na mzee mmoja.

Huyu mzee gari lake lilikuwa bovu kwa macho, siti zimechanika, mlango wa kushoto unafunguliwa kwa nje tu. Redio kimya. Tulikwenda safari nzima hajasema neno zaidi ya pole kwa mguu. Nikashuka, nikaingia ndani, baada ya nusu saa mlinzi ananiita, kuna mzee nje. Simu yangu niliiangusha kwenye siti, na yeye alishapata abiria mwingine, akampeleka, akaiona, akageuza. Nikataka kumpa chochote akakataa kabisa, sio kile cha kukataa huku mkono umeukunjua, alikataa kweli. Nikamwambia mzee wangu chukua basi hata ya mafuta. Akasema, "Siku naanza kazi hii nilimuapia Mungu kwamba cha mtu sitakula. Ukinipa hiyo utanichanganyia hesabu."

Unaona sasa. Mimi nimekaa miezi natembea na nadharia kwamba imani ibaki nyumbani, na imani ndiyo iliyogeuza gari kwenye foleni kunirudishia simu. Kampuni isingemjua, polisi wasingemjua, hakuna nyota wala nini. Huwezi kumwambia mtu wa hivi aache dini yake mlangoni anapoingia ofisini, maana hata ukimwambia akakutii utakuwa umempoteza yule uliyekuwa unamtaka. Nikamuuliza lakini, mzee kama wewe ni mtu wa Mungu hivi mbona redio umezima, wenzako wote wanafungulia. Akasema, "Abiria sijui kaamkaje." Akaondoka.

Nimejaribu mara nyingi kuandika sheria kutokana na huyo mzee nikashindwa. Ukisema tuchague wachamungu basi, nani atawapima? Iran tangu mapinduzi ya 1979 walitengeneza Baraza la Walinzi, watu 12, nusu yao wanazuoni wa dini walioteuliwa na Kiongozi Mkuu na nusu wanasheria wanaopitishwa na bunge, na hao ndio wanaochuja nani anafaa kugombea. Abiria unachagua dereva, ndiyo, ila kwenye wale walioachwa baada ya mchujo. Huyo mzee wangu na mlango wake mbovu sidhani angepita mchujo wa aina yoyote, wala asingejaza fomu. Wanaojua kupita michujo ya uchamungu nimewapanda sana, ni wale wenye stika nne kioo cha nyuma. Na Senegal nchi yenye Waislamu wengi kabisa iliongozwa na Senghor, Mkatoliki, kuanzia 1960 mpaka alipoachia mwenyewe mwisho wa 1980, na viongozi wakubwa wa dini wa Kiislamu walikuwa naye bega kwa bega kwa muda mrefu. Sasa hao walimpima kwa kipimo gani? Sio stika.

Haya. Nilisema mtaona kwa nini sitaji dini yangu.

Mwezi wa sita hivi wa kupanda teksi nikagundua kitu ambacho sikukipenda. Nilikuwa nimeshaandika kwenye simu orodha ya magari yote yaliyofungulia mahubiri kwa nguvu, nilikuwa na mpango wa kuwaandikia kampuni malalamiko, mimi nikishapata muda ni mtu wa malalamiko. Nikapitia ile orodha. Yote ilikuwa ni mahubiri ya upande ule mwingine. Hakuna hata gari moja la upande wetu. Nikasema haiwezekani, na wa kwetu nao wapo wengi barabarani, nikajaribu kukumbuka, nikakumbuka kweli, safari ya Jumatatu, safari ya kutoka kwa daktari, ile siku ya mvua, redio ilikuwa inaongea tena kwa sauti ile ile. Sikuandika kwa sababu sikuisikia. Kwangu ilikuwa kama kelele ya injini. Siku nyingine nilikuwa naitikia huku najibu meseji.

Sikuandika malalamiko. Ila pia sijasema nilibadilika, maana wiki mbili baadaye likatokea lile la yule dada.

Ilikuwa teksi ya kuchangia, ile ambayo dereva anaokota abiria wengine njiani bei inapungua. Nimekaa mbele kwa sababu ya mguu. Nyuma kuna dada mmoja na mzigo wake mkubwa kaupakata. Redio ilikuwa ya kwetu, na mhubiri siku hiyo alikuwa anawashughulikia watu wa upande ule, anawataja, anawacheka namna wanavyosali, na anasema serikali imewabeba sana hao, wanapewa vyeo, wakati umefika. Kwa mavazi tu dada alikuwa anaonekana ni wa wapi. Akavumilia kidogo alafu akasema kwa adabu kabisa, "Kaka samahani, naomba upunguze au ubadilishe."

Dereva hakumjibu yeye. Akanigeukia mimi.

"Boss, na wewe inakusumbua?"

Muda nilikuwa nao. Miezi yote ile nilikuwa natoa mifano ya Ufaransa na Denmark kwa watu ambao hata hawakuniuliza, na hapo nimeulizwa swali la neno moja. Nikasema, "Mimi? Hapana, mimi sina shida."

Ni kweli sikuwa na shida, hilo ndo baya lake. Dereva akamwambia dada umeona, wengi tunasikiliza, vumilia tu dada yangu tumekaribia. Wawili kwa mmoja, kura imepigwa. Dada akasema basi nishushe hapo mbele. Hapo mbele hapakuwa kwake, nilisikia alivyopanda alivyotaja anakoenda na bado palikuwa mbali. Akashuka, akahangaika na ule mzigo mlango ukawa unamrudia, mimi nikashika magongo kama mtu anayetaka kushuka kusaidia, alafu nikayarudisha, mguu si unauma. Akalipa pesa kamili, akaondoka bila kugeuka.

Dereva akasema, "Watu wengine wana chuki sana na dini." Nikaguna, ile mguno ambao unaweza kuwa ndiyo na unaweza kuwa hapana. Akaongeza sauti.

Tukafika kwangu. Nikampa noti, akafungua droo, akajipapasa mfuko wa shati, akajipapasa wa suruali, akaangalia juu kwenye kioo cha jua.

Hakuwa na chenji.